Mbao za Kibaraza cha Kwanza

Mzee Gibson Kipkemoi alitembea juu ya reli miaka ishirini na sita, nyundo begani, akigonga misumari iliyolegea. Mimi Mellen ni jirani yake hapa Kedowa; nilipoolewa huku kutoka Kisii nilimkuta kazini. Mwanaume wa maringo huyo! Ungedhani lile daraja refu la chuma linalovuka bonde letu alilijenga kwa mikono yake.

Barabara inazunguka kilima kizima, kwa hivyo sisi wanawake tulipitisha maziwa darajani. Ubavuni kulikuwa na vibaraza vitatu vya mbao, vya mtu kusimama treni ikipita. Gibson alitunyooshea kidole kama watoto: "Ukisikia treni, usikimbie mbele, usirudi nyuma. Ingia kibarazani, shika chuma, tulia."

Mkewe, Rodah, alimcheka. "Baba Chelimo, hata usingizini unahubiri reli!"

Halafu reli ikafungwa. Gibson akapewa barua, akarudisha nyundo. Nyasi zikamea katikati ya mataruma yanayobeba reli, watu wakaanika mahindi pale, na wezi wakaanza kung'oa vyuma. Aliwafukuza kwa rungu, bila mshahara, mpaka tukamwonea huruma. Mwaka wa nne akachoka.

Mvua za mwezi wa tano mwaka huu zilikuwa mbaya. Ndama wa Rodah alikuwa analala kwenye matope, na Rodah hakumpa mzee amani: sakafu, sakafu, kila siku sakafu. Jumapili, mkewe akiwa kanisani, mzee alienda darajani akang'oa mbao za kibaraza cha kwanza, kile cha upande wetu. Rodah aliporudi alikuta ndama amesimama pakavu. Alifurahi sana. Hakuambiwa mbao zimetoka wapi.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Rodah alitangulia na mtungi wake, mimi nikamfuata. Alikuwa ameingia darajani hatua kumi tu niliposikia honi. Ati injini ya kukagua madaraja! Nani alituambia? Hakuna!

"Rodah, rudi!" nilipiga mayowe. "Kimbia!"

Angekimbia, angenifikia. Lakini alitua mtungi, akageukia pembeni na kunyoosha mkono ashike chuma, akapiga hatua moja. Woi, Rodah wangu! Kule chini ni mawe matupu.

Mazishini tuliwalaani wenye injini, na mimi nililaani kuliko wote. Jioni niliingia zizini kumkamulia ng'ombe, nikaona mbao chini ya ndama, nyeusi kwa mafuta ya reli. Nilitoka na matusi yote ninayoyajua.

Alikuwa amekaa mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee, ni wewe?"

"Ni mimi." Hakuniangalia. "Miaka yote hiyo alikuwa ananicheka, Mellen. Nilidhani hanisikizi."