Siku Mama Alipolala Wodini

Harufu ya spiriti hunirudisha wodini Sengerema, utotoni, nilipokuwa naongezewa damu kila mara kwa sababu uboho ndani ya mifupa yangu uliacha kuitengeneza. Baba, shangazi na wajomba walishavuka kwa kivuko kuja kunitolea damu. Mama akaja tena, ametoka palizi ya shamba la kijiji, kucha zina udongo, akanyoosha mkono.

“Ulitoa mwezi uliopita, mama. Utaanguka,” nesi alimkatalia.

“Nitaanguka nikishamwona huyu amesimama.”

Asubuhi moja daktari alileta majibu. “Damu yake imepanda bila kuongezewa. Uboho umeanza kazi.”

Nilingoja mama apige vigelegele. Alivua kandambili, akasema, “Sogea, mwanangu,” akajilaza kando yangu, akalala mpaka jioni.