Zinki ya Usoni

Mdogo wangu aliuza mabati yaliyotumika, yale yanayovuliwa kwenye nyumba zinazobomolewa, naye alizaliwa na ualbino. Mambo hayo mawili hayakai pamoja, na nilimwambia mapema. Jua lilimpiga kutoka juu, mabati yakamrudishia kutoka chini, kofia pana ikafanya nusu tu ya kazi.

"Kitu ninachokijua ni mabati, dada," alinijibu. "Unataka nikauze nini, barafu?"

Sokoni walimwita Kitambaa. Begani hakikosekani kitambaa cha buluu, na mteja akitaja bei, anakishusha na kujifuta uso mzima, polepole, toka paji hadi kidevu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hasemi neno. Mteja anaona haya, anaongeza. Mimi nauza misumari kibanda cha pili kutoka chake na sijaona silaha kama ile. Nilijaribu kumwiga, watu wakaniuliza kama naumwa.

Kidonda cha kwanza kilitokea pembeni ya pua. Hospitali walikikata, wakasema kikirudi hawaahidi kitu. Jua lisiguse uso huo. Tukatoka pale moja kwa moja hadi duka la dawa.

Muuza dawa alitoa losheni mbili za kukinga jua. "Hii inapotelea kwenye ngozi, haionekani. Hii nyingine ni ya madini, ina zinki. Ni nzito, na inaacha weupe."

"Weupe kuliko huu?" mdogo wangu akauliza.

Muuza dawa akainamia kaunta, asijue kama anaruhusiwa kucheka.

Losheni ya kwanza tulikuwa tunaijua. Jasho likitoka, inateremka machoni, inachoma, kwa hiyo alikuwa akiruka macho na pua. Kidonda kikachagua palepale.

"Zinki hii ndiyo ya kwenye mabati?" akauliza.

"Ni ndugu."

Hapo akachangamka. Bati likishakwanguliwa zinki, kutu hiyo. Yeye hakuwahi kununua bati la namna hiyo hata kwa bei ya bure. "Basi nipe ndugu yake."

Mimi nikatazama tarehe, nikatazama namba ya kinga isiwe chini ya thelathini, nikanusa kama ina manukato. Halafu nikaomba punguzo.

"Mama, hii ni dawa, si nyanya."

"Nyanya ningezibonyeza kwanza. Hii nimeiamini tu." Akapunguza.

Alijipaka kwelikweli: tabaka nene, masikio, shingo, na mchana anarudia. Hata hivyo kidonda kikarudi. Daktari akamuuliza kama anapaka, akasema anapaka, nami nilijua hadanganyi. Kesho yake nikaacha misumari, nikamkazia macho kama ninavyomkazia mteja mwenye mifuko mikubwa. Mnunuzi wa kwanza akataja bei. Kitambaa kikashuka, toka paji hadi kidevu, kikarudi begani cheupe kama kilichopakwa chokaa.

"Unaipangusa yote," nikamwambia. "Dawa imevaa kitambaa, wewe uko uchi."

Akakikunjua, akaugusa weupe kwa kidole.

Alijaribu kuacha. Akatia mikono mfukoni. Wateja wakaona mtu mwenye mikono mfukoni, wakadhani ameshiba, wakamkaba mpaka akauza kwa bei ya kutupa. Kabla wiki haijaisha kitambaa kilikuwa begani tena.

"Watoto wanataka kula, dada."

Nikarudi kibandani kuhesabu misumari.

Mara ya pili walikata sehemu kubwa ya pua. Tezi za shingo zilikuwa zimeshavimba. Akarudi sokoni na bandeji. Sasa mimi ndiye ninayempaka asubuhi, kuzunguka bandeji, na kitambaa kinakaa kibandani kwangu chini ya misumari.

Juzi alikuja fundi wa paa, mbishi maarufu, akataja bei ya matusi. Mkono wa mdogo wangu ukapanda begani, haukukuta kitu, ukabaki hapohapo. Fundi akaitazama bandeji, kisha akatazama barabara. Akalipa yote aliyoambiwa mwanzo, hakubisha hata kidogo, akapakia mabati yake haraka akaondoka.

"Umemwona?" mdogo wangu akaniambia. "Hiyo si bei. Hiyo ni rambirambi."

Nikamwambia akae kivulini. Ilikuwa saa ya kupaka tena.