Mnyama Asiyekunywa Maji

Nilikwenda Guangzhou, Uchina, kwa sababu duka letu la Kariakoo lilibaki rafu tupu, na mume wangu alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Ikabidi nimwachishe ziwa Rukia kabla ya wakati, nikamkabidhi kwa wifi yangu Mwajuma. Watu waliniita jasiri. Jasiri gani! Uwanja wa ndege nililia mpaka macho yakavimba, na maziwa yakalowesha blauzi.

Nilifikia Liuhua, mtaa ulio karibu na stesheni ya treni. Kesho yake nikapiga simu nyumbani. Mwajuma akasema mtoto hana homa, ila maziwa hataki, na akiona kikombe anageuza uso.

"Hanywi, wifi," alisema. "Hata maji ni kwa kumlazimisha."

Mchana tukaenda Yide Lu, kwenye maduka ya jumla ya midoli. Nilikuwa na Bwana Athumani, Mmombasa aliyewahi kuwa baharia, aliyenisaidia lugha. Nikaona mdoli wa manyoya ya kijivu, masikio mapana, kambeba mwanawe mgongoni. Nikamkumbatia palepale dukani, maana nilikuwa na hamu na mwanangu mpaka mikono ikauma. Athumani akasema wanyama hao aliwaona Australia, huitwa koala, na ati kwa lugha ya wenyeji maana yake ni hanywi maji.

Nikamrudisha rafuni haraka. "Jina ni dua," nikamwambia. "Huyu haingii nyumbani kwangu."

Mama mwenye duka akauliza kulikoni, Athumani akamweleza. Akasema wao humwita dubu wa juu ya mti mwenye mfuko wa kubebea mwana. Akaninyooshea mdoli, akasema naye mwanawe yuko kijijini kwa bibi yake, humwona sikukuu ya mwaka mpya tu. Nikanunua katoni nzima, na mmoja wa Rukia.

Baada ya wiki kadhaa nikarudi Dar es Salaam, nikaingia alasiri. Rukia alikuwa mgongoni kwa Mwajuma, kanenepa, alhamdulillah. Akapewa kikombe cha maziwa, akakigugumia chote. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikanyoosha mikono nimpokee, akalia.

Safari ile ilinifunza kuwa majina yanaogopesha kweli, ila mimi niliogopa jina silo. Mwanangu alijificha shingoni mwa Mwajuma, akamwita mama.