Ushuru wa Alumini Ulivyowagombanisha Wamarekani Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, mwaka 2011, Mudiri, ndivyo tulivyomwita meneja mkuu wa ofisi yetu pale West Bay, alinisukumia rundo la hati. "Mwakio, karani wa forodha haamini mdomo. Anaamini karatasi na saini." Nikamshuku hata yeye. Nilikuwa nimetoka bandari ya Mombasa, na huko nilishaona mengi.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa hati za alumini inayosafirishwa. Kubwa kuliko zote ni cheti cha asili, karatasi inayotaja nchi alumini ilikoyeyushwa, maana ushuru hufuata nchi. Pakiingia uongo hapo, aliyesaini ndiye anayejibu.

Mudiri alipostaafu wakaja Wamarekani wawili, Mkurugenzi na Meneja wa Mauzo. Chama chao cha siasa kimoja, meza moja, vicheko kutwa. Nikawaza, watu wazima wakipendana hivi, kuna kitu.

Mwaka 2018 rais wa Marekani, wa chama chao hicho hicho, akaweka ushuru kwa chuma na alumini ya nje. Weh! Ofisi ikachafuka.

"Tangu nikiwa mtoto chama chetu ni cha biashara huria," Mkurugenzi alifoka. "Huyu ametuibia chama!"

"Amekuibia wewe," Meneja akamjibu. "Baba yangu alipoteza kazi kiwandani kwa hiyo biashara huria yenu."

Hata bungeni kwao ilikuwa hivyo hivyo. Wengine wa chama hicho walitunga mswada wa kumpunguzia rais mamlaka ya ushuru, wenzao wakauzima. Mkurugenzi alizisoma habari hizo kwa sauti, makusudi, Meneja asikie. Wakaacha kunywa chai pamoja.

Siku moja Mkurugenzi akaniita, akanipa kiti. Hakuwahi kunipa kiti.

"Mzee Mwakio, kwenye cheti andika imeyeyushwa kule," akataja nchi iliyosamehewa ushuru.

Alumini yenyewe ilikuwa ya hapa hapa Qatar, kila mche una mhuri wa kiwanda! Nikisaini, jela ni yangu. Nisiposaini, narudishwa nyumbani, na mkataba bado miaka miwili.

Sikusaini. Ila nilimpelekea Meneja kile cheti, nikamweleza nilichoagizwa kuandika, nikidhani hasimu wa Mkurugenzi ni rafiki yangu. Akanipigapiga begani, "Umefanya vizuri sana, mzee." Roho ikatulia. Mimi ninayeshuku hata kivuli changu, siku hiyo nikalala!

Wiki iliyofuata niliwakuta wanakunywa chai pamoja, vicheko vile vile.

Sasa nimestaafu, niko Voi, na makarani vijana huja kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia, ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi nililiacha jembe nikaenda kuamua ugomvi. Inaniuma mpaka leo, sifichi. Barua ya kuniachisha kazi ninayo kabatini. Inasema nafasi yangu imefutwa kwa sababu ya ushuru, na chini yake kuna saini mbili, ya Mkurugenzi na ya Meneja, kwa wino mmoja.