Pini Midomoni

Fundi cherehani, jirani yangu, huongea kabana pini midomoni, maneno yakipenyea pembeni. Leo kaja dukani kwangu kuwachagulia bintiye na rafiki zake wawili zawadi za mahafali. Pini kaziacha kwenye cherehani, lakini mdomo bado kaubana vilevile. Kila mkoba anaugeuza ndani nje na kuuvuta mshono. “Huu hautafika hata siku ya kwanza ya kazi,” anaguna, anaurudisha. Mwishowe ikabaki mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu.

“Wa mwanao ni upi, niufunge vizuri?”

“Nitajuaje? Watagombania wenyewe, kama walivyogombania ukoko jikoni kwangu. Wote wananiita mama.”

Akacheka, mdomo wazi. Miaka yote ya ujirani, kumbe mwenzangu ana mwanya!