Mkwe Asiyechuchumaa

Misigiri yote hakukuwa na mkwe aliyejua kusalimia kama Anastazia, na mwenyewe alilijua hilo vizuri sana. Alikuwa Mnyaturu wa Issuna aliyeolewa kwa Wanyiramba, na siku alipofika, mawifi walimtazama kwa jicho la pembeni wakisubiri akosee. Hakukosea. Baba mkwe wake, Mzee Hezekia, akichomoza tu kwenye kona ya zizi, Anastazia aliacha mwiko ndani ya sufuria, akachuchumaa mpaka magoti yakakaribia vumbi, macho chini: "Shikamoo baba." Mzee aliitika, "Marahaba, mwanangu," akapita zake. Miaka nenda, miaka rudi. Anayeona ni jambo dogo, basi huyo hajaolewa ugenini.

Sukari ilimwingia ukubwani. Vidonge alimeza siku alizokumbuka, na msimu wa kupandikiza vitunguu hakukumbuka hata kimoja. Miguu ikaanza kufa ganzi, naye akafurahi, jamani, akafurahi! Alisema sasa miiba haimsumbui. Asubuhi moja kokoto likaingia ndani ya kiatu chake cha mpira. Akalima nalo kutwa, akarudi nalo nyumbani, asihisi kitu. Alipogeuza unyayo ili auoshe ndipo akaona damu chini ya kidole gumba, pale pale mguu unapobeba mwili.

Akapaka asali aliyotumiwa na dada yake kutoka Mitundu. Asali ilikuwa nzuri, lakini kidonda hakikujali. Kikachimbika, kingo zikawa nyeusi, chumba kikaanza kunuka, na mume wake Abraham akajifanya hasikii harufu mpaka aliposhindwa. Hospitalini wakasema mguu ukatwe chini ya goti. Daktari mmoja tu ndiye aliyesema, kabla ya kukata, awahi Dodoma, kuna hospitali inafanya utafiti wa vidonda vya namna hiyo.

Mzee Hezekia alipopata habari alitema mate chini. Marehemu mke wake alikwenda hospitalini na kidonda cha kidole, akarudishwa amelala nyuma ya gari, mguu mmoja hana, na mvua zilizofuata hakuziona. Tangu hapo mzee alikuwa na neno moja tu kuhusu madaktari, kwamba wanajua msumeno, na hakuna wa kumwambia vinginevyo.

Anastazia akaenda. Huko akakutana na Daktari Chrispin, kijana mpole anayeongea taratibu hadi mtu unatamani kummalizia sentensi.

"Ndani ya mfupa wa nyonga yako kuna uboho, mama," alimwambia. "Na ndani ya uboho kuna seli tunaziita seli shina. Hizi bado hazijapangiwa kazi maalumu. Tutazivuta kwa sindano, tuzitenganishe kwa mashine, halafu tuzichome kuzunguka kidonda. Tunategemea zitaamsha nyama iliyolala, na mishipa midogo ya damu itaota upya. Lakini huu ni utafiti. Sikuahidi kitu."

"Kwa hiyo siku zote zinakaa tu humo nyongani?"

"Zinasubiri."

"Lo! Navunjika mgongo shambani, kumbe nina vibarua wamekaa ndani wanakula bure!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kazi ikafanyika. Sindano ya nyonga ilimuuma kweli, na Anastazia hakuficha, alimwita mama yake mzazi kwa Kinyaturu wodi nzima ikasikia. Ile ya mguuni hakuihisi kabisa.

"Sasa nisikilize," Daktari Chrispin akasema siku ya kumruhusu. "Seli ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni wewe. Sehemu ya mbele ya mguu huu isibebe uzito. Tumia magongo. Ukikaa, uinue mguu juu. Vimishipa vinavyoota ni laini, ukivikandamiza vinakufa. Unafanya kazi gani nyumbani?"

Akamtajia zote: kulima, kumwagilia, kuchota maji, kuanika vitunguu. Daktari akazikataza moja baada ya nyingine. Kusalimia hakukutajwa. Daktari aliuliza kazi, na kwa Anastazia kusalimia hakujawahi kuwa kazi.

Alikaa nyumbani kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kigoda, Abraham akipika ugali wenye mabonge na kumkaripia yeyote aliyeucheka. Mzee Hezekia wakati huo alikuwa amekwenda Mkalama kwa binti yake. Kidonda kikaanza kubadilika. Weusi ukatoka, nyama nyekundu mbichi ikajaa kutoka chini, na Anastazia akawa anaomba kioo mara kwa mara ajitazame unyayo kama msichana anayetazama hereni.

Kisha mzee akarudi. Alichomoza kwenye kona ya zizi asubuhi, na Anastazia hakuwaza. Mwili ulifanya wenyewe. Alishuka kitini, akachuchumaa, uzito wote ukalala juu ya vidole. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Mzee akapita, ameridhika.

"Mama Ritha!" Abraham alimpigia mkewe kelele. "Damu!"

Bandeji ilikuwa imelowa. Yeye hakuwa amehisi kitu.

"Ulikanyaga?" Daktari Chrispin alimuuliza huko Dodoma, na safari hii hakuongea taratibu.

"Sikukanyaga. Nilisalimia."

Daktari hakuelewa, ikabidi Abraham achuchumae pale pale katikati ya chumba amwonyeshe. Daktari akatazama vidole vya Abraham vilivyojikunja sakafuni, akashusha pumzi. Akasafisha kidonda. Mwisho akasema, "Mama, utaratibu wetu ni kuchoma seli mara moja tu. Sina nyingine za kukupa. Zilizopona ndizo hizo zilizomo. Ukichuchumaa tena, huu mguu tunaukata."

Abraham alimtangulia kwenda kumweleza baba yake. Alirudi uso umemshuka. "Amesema hajawahi kusikia hospitali inayofundisha wake za watu kukaa kitako mbele ya wakwe zao."

Na kesho yake mzee akaja. Alisimama mbele ya kiti, mikono yote miwili juu ya fimbo, akasubiri. Anastazia alikuwa amekaa, na kwa kuwa mguu ulikuwa umeinuliwa juu ya kigoda, unyayo ulimwelekea mzee usoni. Hebu fikiria! Mkwe amekaa kitini na anamwonyesha baba mkwe unyayo. Magoti yalitaka kushuka yenyewe, akashika kingo za kiti kwa nguvu zote.

"Shikamoo baba."

Mzee akaukodolea macho ule unyayo.

"Baba, daktari amesema..." Abraham akaanza.

"Sijamuuliza daktari."

Akageuka, akaondoka bila kuitika. Anastazia alilia siku hiyo. Aliona aibu hadi akatamani mguu ukatwe tu, yaishe. Watu nao hawakukawia. Kisimani ikawa ndiyo habari ya mjini, eti Mnyaturu amechoka adabu, siku hizi anamsalimia mzee kwa unyayo. Mawifi waliosubiri miaka yote hatimaye walipata walichosubiri.

Cha ajabu ni kwamba mzee hakuacha kupita. Njia nyingine ya kwenda shambani kwake ipo, tena fupi. Lakini kila asubuhi alichomoza kwenye kona ile ile, akasimama, akasubiri. Kila asubuhi Anastazia alisema shikamoo akiwa amekaa, na kila asubuhi mzee aliutazama ule mguu uliofungwa, akaondoka kimya. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, na Abraham katikati akawa anakonda.

Kiangazi kilipokolea, Daktari Chrispin aliifungua bandeji, akabonyeza kwa kidole, akaita wenzake waje kutazama. Palikuwa na ngozi. Nyembamba, ya rangi ya waridi, lakini ngozi.

"Sijui niseme ni seli au ni kukaa kwako," alikiri. "Nadhani vyote viwili."

"Naweza kuchuchumaa?"

"Mama, ngozi hii bado changa, na ganzi haijatoka. Tembea, ukiwa na kiatu nilichokupa. Kuchuchumaa usahau. Sio mwaka huu, sio kamwe."

Aliporudi Misigiri hakuingia kwanza nyumbani kwake. Alimkabidhi Abraham mfuko, na magongo pia, akaelekea kwa mzee. Mzee Hezekia alikuwa nje ya nyumba yake ameketi anasokota kamba ya katani. Anastazia alisimama mbele yake, wima, kama asivyowahi kusimama mbele ya mtu yule tangu aolewe.

"Shikamoo baba."

Mzee alitazama miguu yake, mmoja, kisha mwingine.

"Tembea," akasema.

"Mpaka wapi, baba?"

"Zizini. Halafu urudi."

Akaenda, akarudi. Mzee hakumtazama usoni hata kidogo.

"Tena."

Sasa hasira zilimpanda. Akaenda kwa haraka zaidi, akigonga visigino, akishika nguzo ya zizi na kugeuka, na alipogeuka akaona kamba iko chini mavumbini. Mzee Hezekia alikuwa amesimama. Alikuwa hajawahi kumwinukia mkwe, na wazee wa rika lake hawafanyi hivyo. Alisimama bila fimbo, akamngoja Anastazia afike karibu.

"Marahaba," akasema. Kisha akarudia, "Marahaba. Marahaba, mwanangu."