Kitabu cha Nambewe chapata ruhusa Qantab

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Katika chumba cha nyuma cha duka la kupiga chapa mtaani Hamriya, Maskati, mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa chini anakunja karatasi. Anakunja, anapiga stepla, anapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, kisha anaweka kitabu juu ya vingine.

"Ngoja kwanza," anamwambia mwandishi, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisumu. "Nikikosea kupanga, kuna mtoto atapata hadithi isiyo na mwisho."

Anaitwa Renetta Coles, ana miaka hamsini na tisa. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa jimbo la Georgia, na tangu 1993 amekuwa akifundisha chekechea hapa Maskati. Kiswahili alijifunza Kisumu, alikofundisha miaka mitatu akiwa kijana.

Utotoni mwake, maktaba ya mji wao ilikuwa ya wazungu peke yao. Mama yake alifua nguo za watu, na matajiri wake walipotupa vitabu, alivibeba hadi nyumbani, vingine bila jalada.

"Nilivisoma vyote," anasema. "Mtu mweusi nilimkuta mara moja tu. Alikuwa ameshika sinia."

Alipokua akajaza vitabu kwenye buti la gari na kuvizungusha vijijini. Aligombana na wakuu wa shule, akaandamana, akawekwa ndani mara mbili. Mswada wake wa kwanza ulikataliwa na wachapishaji kumi na wanne. Hata hivyo hakuacha kuandika, na leo ana vitabu vinane vya watoto.

Hiki cha tisa kilianzia jikoni. Siku yake ya kwanza shuleni Maskati alimsikia mhudumu wa jikoni akiwakemea watoto kwa Kiswahili: "Hebu vaeni viatu nyie!" Nusura aangushe mkoba. Mhudumu huyo ni Bi Masouda, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Qantab, kijiji cha pwani karibu na Maskati. Tangu hapo wakawa wanakunywa chai pamoja kila mapumziko.

Ilichukua miaka kumi Bi Masouda kumsimulia habari za bibi yake. Alitekwa akiwa mtoto, bara, akateremshwa pwani akauzwa. Waliomnunua wakamwita Bakhita. Akaitika. Lakini kila usiku alijinong'oneza jina alilopewa na mama yake, Nambewe, asije akalisahau. Alipozaa binti, akamwachia jina hilo kama siri.

"Andika, mwalimu," Bi Masouda alimwambia. "Mie nnazeeka."

Renetta aliandika, na akachora picha mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huu, 2004, nakala mia tatu zilianza kuchapwa. Siku ya pili mlango wa duka ulifunguliwa akaingia Zahor, mtoto wa Bi Masouda, karani wa serikali, ameshika ukurasa aliouokota nyumbani.

"Mwalimu, mambo haya kwetu hayasemwi," alisema. "Binti yangu Balqees anaolewa mwezi ujao. Wakwe wakijua tumetokana na mtumwa, watarudi nyuma. Mama amekupa ruhusa yake. Yetu sisi hukutuomba."

Otieno, Mkenya anayeendesha mashine, aligeuka. "Madam, nizime?"

"Zima."

Kwa miaka arobaini Renetta alikuwa amepigana na watu walioandika habari za Weusi bila kuwauliza. "Na mimi nikaingia nyumba ya watu vivyo hivyo," anasema. "Niliona aibu, acha tu."

Alizifunga karatasi kwenye maboksi. Shuleni, Bi Masouda alimsalimu bila kumtazama usoni. Chai ikakoma. Wiki tatu zikapita hivyo, na Renetta akaanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Hakuimaliza. Jioni moja Balqees alimpigia simu: "Bibi anakwita. Njoo Qantab, tafadhali, njoo leo."

Aliwakuta wote sebuleni. Zahor naye alikuwapo. Aliyezungumza ni Balqees.

"Nilimwambia Fahd mwenyewe," alisema, akimtaja mchumba wake. "Nilimpa ukurasa, nikamwambia soma, kisha useme kama bado wanitaka. Akasoma mara mbili. Akanambia, 'Nami nlikuwa natafuta namna ya kukwambia. Nyanya yake mama naye alinunuliwa.' Mama yake alikuwa anaogopa sie ndio tutakaorudi nyuma!"

Bi Masouda alicheka hadi akashika mbavu. "Nyumba mbili zaogopana kwa jambo moja!" Renetta anasema alikaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

Zahor alivua kofia, akajifuta uso. "Chapa, mwalimu," alisema. "Na nakala kumi niwekee, za ndugu."

"Ngojeni," Bi Masouda akaingilia. "Pale pa kuuzwa umeandika alilia. Bibi yangu hakulia mbele ya wale watu. Futa."

Renetta alifuta. Kesho yake Otieno aliwasha mashine, na harusi ikafanyika siku iliyopangwa.

Wiki iliyopita wanawake watatu wa Qantab walimtumia Renetta salamu kwamba nao wana habari za bibi zao za kusimulia. Mkataba wake wa kufundisha unakwisha Juni na tiketi ya kurudi Georgia alikuwa ameshaiulizia. Sasa ameomba aongezewe miaka miwili.

Ijumaa ijayo, baada ya sala, atakwenda kwa wa kwanza wao. Hatachukua kalamu wala kinasa sauti.

"Nimewaambia waite watoto wao, wajukuu, hata wakwe," anasema. "Tutakula kwanza. Kila mmoja akishasema sawa, mbele ya wenzake, ndipo nitauliza bibi aliitwa nani."